Kisanduku Chenye Majina Mawili

Kila asubuhi baada ya swala ya alfajiri, kabla sijanywa chai, kidole gumba changu cha kulia hutafuta jedwali. Sina kazi nalo tena. Nilistaafu, nikavishwa kanzu mpya, nikapigwa picha na watu wote wa ofisi, nikarudi kwenye shamba langu dogo la Burat kulea mbuzi na sukuma wiki. Kidole ndicho hakijaarifiwa. Kinafungua simu, kinashuka mstari baada ya mstari, kinakagua zamu za maji za Sericho, za Rapsu, na za visima ambavyo sijawahi kufika. Mke wangu huniuliza kama nimeajiriwa upya bila yeye kuambiwa.

Vijana wangu, siku ile ya kuniaga mliniomba niandike niliyojifunza. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa umri na kwa macho ambayo bado yanaona herufi ndogo. Sitaandika kwa mpangilio, kwa sababu hata katika kusimulia siwezi kukaa mahali pamoja. Masheikh wangu walinifundisha subira miaka mingi. Moyo uliielewa, miguu haikuielewa. Mwenzangu Mwenda anajua. Aliwahi kukunja boksi la karatasi na kuliweka chini ya meza yetu kwa sababu mguu wangu ulikuwa unatikisa kompyuta yake akiandika programu.

Nianze na kazi yenyewe ilivyokuwa, maana baadhi yenu mmeikuta imeshasimama. Tulikuwa watu watatu katika chumba cha ghorofani, juu ya duka la vitambaa, hapa Isiolo mjini. Tulitengeneza jedwali la mtandaoni: mistari na safu kwenye skrini ya simu, watu wengi wakiandika ndani ya jedwali moja, kila mmoja akiona alichoandika mwenzake. Wasomi huliita lahajedwali. Makampuni makubwa ya dunia yanayo ya kwao, mazuri, na yanayatoa bure. La kwetu lilikuwa dogo na jepesi. Lilifanya kazi kwenye simu ya bei nafuu iliyopasuka kioo, na mahali pasipo mtandao lilihifadhi ulichoandika mpaka mtandao upatikane, ndipo likakituma. Kamati za visima na za mifereji zililitumia kupanga zamu za maji. Basi. Hilo "basi" ndilo lililotusumbua kuliko kitu kingine chochote.

Mkubwa wetu alikuwa Qabale, binti wa dada yangu, aliyesomea kompyuta Nairobi akarudi nyumbani na begi moja na wazo moja. Ananiita Abuya, yaani mjomba kwa Kiborana. Mwenda alitoka milimani, Meru, na yeye ndiye aliyeandika programu. Ni Mkristo wa kweli. Hata andazi moja hali bila kufumba macho kwanza, nami nilimpenda kwa hilo. Mimi waliniita Mwalimu, kwa sababu jioni nafundisha watoto Qur'ani. Nilichukuliwa kwa kuwa nilikuwa karani wa ofisi ya maji tangu ujana wangu, na Qabale alisema anataka mtu mmoja aliyechora majedwali kabla kompyuta hazijazaliwa.

Alisema kweli. Nilifundishwa na karani mkuu mmoja, marehemu sasa, mtu mkavu aliyevaa tai hata wakati wa joto. Siku yangu ya kwanza aliniona na kifutio juu ya meza. Alikichukua, akaenda dirishani, akakitupa nje. Kisha akarudi na rula. Akanionyesha kwamba jina lililokosewa linakatwa kwa mstari mmoja mwembamba ili lisomeke bado, na jina jipya linaandikwa pembeni pamoja na saini. Alisema karani anayefuta ni sawa na shahidi anayesahau kwa makusudi. Alinifundisha pia kuacha safu moja tupu upande wa kulia, kwa sababu siku zote kuna jambo litakalokuja ambalo hukulifikiria ulipokuwa unachora. Na alinifundisha kutoandika mambo mawili katika kisanduku kimoja. Hilo la mwisho nililishika kwa nguvu kupita kiasi, kama mtakavyoona.

Sericho ilikuwa jedwali letu la kwanza la kweli. Pale palikuwa na Mzee Dida, aliyekuwa abba herega wa kisima. Kwa wale mlioajiriwa kutoka mbali: huyo ndiye baba wa zamu, mzee anayesema nani atanywesha leo na nani kesho. Mzee Dida aliiweka zamu yote kichwani, ngamia, ng'ombe na mbuzi wa eneo zima, na akaitembeza kambi hadi kambi kwa miguu yake. Magoti yalipochoka, kamati ikamwomba aikabidhi kazi hiyo kwa jedwali. Tukaketi naye siku mbili, yeye anasema, mimi naandika kwenye daftari.

Tulianza vibaya. Mwenda alikuwa ameweka safu ya idadi ya mifugo, na chini kabisa jedwali lilijumlisha lenyewe, kama majedwali yote duniani yafanyavyo. Mzee Dida alipoona ile jumla ikijitokeza, aliigeuza simu kifudifudi juu ya mkeka.

"Nani amekutuma uhesabu mifugo yangu mbele ya watu?" akaniuliza.

Mwenda akasema kwa unyenyekevu kwamba ni hesabu tu, inajifanya yenyewe. Mzee akasema basi ifundishwe adabu. Mimi Mborana nilipaswa kujua kabla ya kutoka Isiolo kwamba kwetu kutaja idadi ya mifugo ni kuiletea mkosi, lakini karani ndani yangu alikuwa amemmeza mtoto wa mfugaji. Safu ile ikaondolewa. Tukaandika "kundi dogo" na "kundi kubwa", na hadi leo jedwali la Sericho halijumlishi chochote. Mkisikia mteja analalamika kwamba jedwali letu limepungukiwa, mwulizeni kwanza anatoka wapi.

Siku hizo hizo Mzee Dida alituambia jambo la pili. Alisema jina la mtu haliondolewi kwenye zamu mwenyewe akiwa hayupo. Kama ni lazima asogezwe, anafuatwa alipo na kuambiwa kwa mdomo. Nililiandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri. Nililiona kama adabu nzuri ya wazee wetu. Sikuliona kama maagizo ya kazi, na sikumwambia Mwenda.

Miaka ikapita. Rapsu wakajiunga kwa ajili ya zamu za mifereji, kisha wengine. Hapo ndipo akaja bwana mmoja kutoka kampuni kubwa ya Nairobi, mtu mpole mwenye viatu safi. Alipanda ngazi zetu, akatazama jedwali, akasema ni zuri ila jedwali peke yake ni kitu cha kizamani. Alitaka tuongeze ramani ya malisho, soko la mifugo, mahali pa kuzungumza, habari za mvua, na picha zinazotembea. Tukimwonyesha yote hayo kabla ya mwisho wa kiangazi, kampuni yake ingetuchukua na kutusambaza kaskazini yote.

Sijui niwaeleze vipi jinsi chumba kile kilivyobadilika. Hakuna aliyeketi. Qabale alizungumza na simu akitembea kutoka dirishani hadi mlangoni. Mwenda alianza kitu asubuhi, akakiacha mchana, akaanza kingine kabla ya jua kuzama. Ukuta ukajaa vikaratasi vya rangi, kila kimoja wazo. Msidhani mimi mzee nilikaa pembeni nikiwaonea huruma. Mimi nilipewa kuijaribu ramani, na ndani yake kulikuwa na ngamia mdogo wa kuchora anayetembea juu ya skrini. Nilimtembeza ngamia yule kutoka Isiolo hadi Garbatulla na kurudi, tena na tena, na nilichelewa swala ya adhuhuri kwa sababu yake. Namwomba Mungu msamaha.

Katika wiki hizo alinipigia mkulima mmoja wa vitunguu kutoka Rapsu.

"Mwalimu, niliandika zamu yangu ya Jumanne," akasema. "Sasa nikifungua naona jina ya jirani."

Nilikuwa na ngamia wangu mkononi. Nikamwambia labda alisahau kubonyeza pa kuhifadhi. Akasema, "Labda." Hakuwa amesahau. Alikubali kwa sababu nina mvi na kwa sababu ananiita Mwalimu. Baada ya kukata simu nilijisikia vibaya, nikaandika malalamiko yake kwenye kikaratasi, nikakibandika ukutani. Siku iliyofuata mtu alibandika juu yake kikaratasi kingine, cha ramani. Nikaona, nikapita.

Mteja akikwambia jina lake limepotea, usimwambie amesahau. Mwulize aliandika lini, akiwa wapi, kama simu ilikuwa na mtandao. Maswali hayo matatu yangemwokoa mtu mwingine.

Kiangazi kilikuwa kikali mwaka ule. Asubuhi moja simu yangu ililia, na alikuwa Mama Halima wa Sericho, mjane mwenye ng'ombe, mtu ambaye hajawahi kuongea nami bila kuuliza kwanza hali ya kila mtu nyumbani. Siku hiyo hakuuliza. Alitoa salamu, kisha akasema:

"Mwalimu, njoo umwambie Dida mimi si mwizi."

Yaliyotokea ni haya. Mzee Dida alikuwa kambi ya mbali na ngamia wake, mahali pasipo mtandao. Aliandika jina lake kwenye zamu ya Alhamisi, akaliona limekaa, akatia simu mfukoni, akaanza kuswaga ngamia kuelekea kisimani. Mwendo wa siku tatu, na kila simu ilipopita penye mtandao ilituma na kupokea yenyewe. Huku nyuma Mama Halima naye, asiyeweza kuliona jina ambalo bado lilikuwa ndani ya simu ya mwenzake, aliandika lake katika kisanduku hicho hicho, naye bila mtandao. Alhamisi Mzee Dida akafika na kukuta ng'ombe wa mama wamejaa kwenye hodhi. Akafungua simu kuonyesha jina lake, na jina halikuwepo. Mbele ya watu wote akamwita mwizi wa zamu. Watoto wa kiume wa pande zote mbili wakashika fimbo. Wazee wakaingia kati, alhamdulillahi, na hakuna aliyepigwa. Lakini ngamia wa Dida walingoja hadi kesho yake, na ngamia jike mmoja mwenye mimba alilala chini na hakuinuka tena. Mzee Dida akasema jina lake lisionekane tena kwenye jedwali letu.

Mwenda alifungua kumbukumbu za mitambo yetu. Haikumchukua muda.

"Wote waliandika," akasema, bila kututazama. "Ya Dida ilifika kwanza, ya mama ikafika baadaye ikailalia. Hakuna aliyeiba. Ni sisi ndio tulichagua."

Ni mimi niliyekuwa nimesisitiza, tangu mwanzo kabisa, kwamba kisanduku kimoja kibebe jina moja tu. Na mashine, ikipewa majina mawili na nafasi moja, ilifanya alichokataza karani mkuu wangu: ilifuta, na bila kumwambia mtu.

Nikawaeleza habari ya mkulima wa Rapsu. Qabale alisimama, akaenda ukutani, akaanza kubandua karatasi moja moja mpaka akaifikia ya kwangu. Akaisoma mara mbili.

"Abuya, hii uliandika lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Wiki hiyo hiyo tulitakiwa Nairobi kumwonyesha yule bwana ramani na soko. Mwenda alisema kosa linaweza kurekebishwa tukiwa pale pale Isiolo, twende Nairobi, Sericho baadaye. Hakuwa mtu mbaya kwa kusema hivyo; alikuwa hajalala vizuri kwa majuma, na mama yake kule Meru alikuwa ameshawaambia majirani kwamba mwanawe anachukuliwa na kampuni kubwa. Qabale akanigeukia mimi. Nilimwambia tulimwondoa mtu akiwa hayupo, kwa hiyo kitu kidogo tunachoweza ni kwenda alipo. Kesho yake tukakodi Land Cruiser, tukaanza barabara ile ndefu, Mwenda akiwa kiti cha nyuma na kompyuta mapajani.

Mzee Dida alitupokea kama wageni. Tukapewa chai ya maziwa ya ngamia, tukaulizwa habari za Isiolo, za mvua, za barabara. Tukamwaga salamu zote tulizokuwa nazo. Jambo lenyewe hakuligusa. Nilikaa juu ya mkeka, nikataka aseme, anitukane, anifukuze, chochote. Mwishowe nilivunja adabu. Nikaomba Mama Halima aitwe, na alipokuja nikawaambia wote wawili ukweli: kwamba kila mmoja aliandika kwa haki, kwamba jedwali letu ndilo lililofuta, na kwamba mimi nilionywa na mtu wa Rapsu mwezi mzima kabla, nikamwambia amesahau.

Mzee Dida alimtazama Mama Halima, kisha akatazama chini.

"Mimi nilimwita mwizi mbele ya watu," akasema. "Hayo maneno nayo simu yenu itayafuta?"

Kisha akatoa sharti. Tusirudi Isiolo. Tukae kisimani mpaka zamu imalize mzunguko wake, tuone maji yanavyogawanywa, kwa sababu ni wazi tuliandika mambo tusiyoyajua.

Tukakaa. Mwenda alipewa kivuli chini ya tangi, na paneli ya sola ya pampu ikachaji kompyuta yake. Siku ya kwanza alikuwa mtu wa kuhesabu saa. Siku ya pili makundi mawili ya mbuzi yalifika pamoja, kila mwenyewe akisema zamu ni yake. Mzee Dida, pamoja na magoti yake, aliinuka na kwenda. Hakuuliza nani alifika kwanza. Alifunga bomba, akawasimamisha wale watu wawili pembeni mwa hodhi lililokauka, akaondoka kwenda kukaa kivulini. Wakabishana. Mbuzi wakalia. Wakacheka kidogo, wakabishana tena. Halafu mmoja akapaza sauti kwamba mwenzake anyweshe kwanza, na Mzee Dida akaashiria bomba lifunguliwe.

Mwenda alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

"Kumbe hachagui," akasema.

"Sijawahi kuchagua," Mzee Dida akamjibu kutoka kivulini. "Nikichagua mimi, mmoja atarudi nyumbani na kinyongo. Nafunga maji. Wao wenyewe watachagua."

Tangu saa hiyo Mwenda hakuhesabu tena chochote. Alikaa chini, akaandika. Nimeona watu wakiandika programu kwa haraka na kwa hofu. Huyu aliandika kama mtu aliyepata kilichompotea. Alinieleza kwamba majedwali mengi yanajivunia kuamua upesi, na kwamba sisi tulikuwa tumeiga fahari hiyo bila kujiuliza. Sasa jedwali letu halingeamua. Majina mawili yakikutana, yote yanabaki, kisanduku kinageuka rangi ya chungwa na kufungwa, na kila simu inaambiwa: Mko wawili hapa. Ongeeni kwanza. Ni mmoja wa hao wawili tu, kwa kidole chake, anayeweza kuondoa jina, na jina analoweza kuondoa ni lake mwenyewe.

Siku ya tatu yule bwana wa Nairobi alipiga. Mtandao Sericho unapatikana juu ya ngazi ya tangi, kwa hiyo Qabale akapanda, na sisi chini tukasikia upande wake tu. Alisema samahani mara nyingi. Alieleza yuko wapi. Kisha akasikiliza, na nadhani aliambiwa kuna kampuni nyingine iliyo tayari.

"Hapana, si kwamba hatuwezi," akasema. "Tuna kitu kimoja tu, na kimeharibika. Niko hapa nakitengeneza."

Alishuka, akaketi kwenye ngazi ya mwisho, akafuta uso kwa mtandio. Mwenda akamletea maji. Sitaki mdhani kwamba Mungu alitulipa mara moja kwa mlango mwingine mkubwa zaidi. Yule bwana alichukua wale wengine. Sisi tulihama ghorofani tukaenda chumba cha nyuma ya duka la simenti, ambapo mlitukuta, na kwa muda mrefu kila mmoja wetu alifagia kwa zamu. Mama yake Mwenda hakufurahi. Ramani haikuonekana tena, na ngamia wangu mdogo wa kuchora sijui aliishia wapi.

Nayaandika haya kwa sababu nasikia mnaambiwa tena leo kwamba jedwali ni kitu cha kizamani, muongeze mashine inayojaza yenyewe, muongeze na hiki na kile. Pengine mengine ni mema. Sina elimu ya kuyakataa. Najua tu jinsi mwili unavyosisimka mtu akikuonyesha kitu kipya, na jinsi simu ya mkulima wa vitunguu inavyosikika kama kelele wakati huo. Nilimpigia baadaye, yule wa Rapsu, nikamwomba radhi. Alisema alijua hakusahau.

Turudi kisimani. Mwenda alipomaliza, alitaka kujaribu kwa simu mbili zisizo na mtandao. Mama Halima akakubali kuandika jina lake. Mwenda akamwomba Mzee Dida aandike lake katika kisanduku hicho hicho.

"Jina langu si la kufanyia majaribio," mzee akasema.

Basi nikaandika la kwangu. Tukapanda ngazi, simu zikapata mtandao, tukashuka, na kisanduku kikawa rangi ya chungwa, majina yetu mawili ndani yake, la mama na la kwangu, yamebanana kama watu ndani ya blanketi moja. Watu waliokuwa wakinywesha walisogea kutazama. Mama Halima akanigeukia.

"Haya, Mwalimu. Nani anakunywa kwanza, ng'ombe wangu au mbuzi wako wa Burat wanaokula sukuma wiki?"

Watu wakacheka, nami nikasema ng'ombe wake. Akaninyooshea simu, akasema basi nitoe jina langu mwenyewe. Nikabonyeza. Rangi ikaondoka, jina la mama likabaki, na la kwangu likasogea pembeni, limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, linasomeka.

Mzee Dida alikuwa ameangalia yote. Tukaswali alasiri pale pale kisimani. Baada ya dua hakuondoka na wengine. Alisimama, akawaomba watu wasitawanyike, wengi wao wakiwa wale wale waliokuwepo Alhamisi ile.

"Siku ile mlinisikia," akasema. "Leo nisikieni tena. Huyu mama hakuniibia. Mimi ndiye nilimkosea."

Mama Halima alisema yameisha, na akaongeza kwamba ngamia yule alikuwa ngamia mzuri. Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akamwita Mwenda, akamwomba arudi nyuma kwenye jedwali, mpaka ule mstari wa Alhamisi, ambapo jina la mama lilikuwa limekaa peke yake. Akauliza kama jina lake linaweza kurudishwa pale alipoliandika.

Mwenda akasema linaweza, kumbukumbu ipo. Ila akamweleza kwamba siku ile imeshapita, hakuna tena wa kumpisha mwenzake, kwa hiyo kisanduku kile hakitafunguka. Kitabaki cha rangi ya chungwa miaka yote.

"Ikae hivyo," Mzee Dida akasema.

Wiki iliyopita mmoja wenu, kijana mwenye bidii, alinipigia kuniambia amekuta hitilafu ya zamani katika jedwali la Sericho: kisanduku kimoja, mbali sana juu, kimefungwa na majina mawili ndani yake, na anataka kukisafisha. Nilimshukuru kwa kuuliza kwanza. Nilimwambia asikiguse, na ndiyo sababu nimekaa kuandika. Mzee Dida ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mama Halima yupo, na kila kiangazi kinapoanza hufungua jedwali, hupanda mistari yote mpaka pale, akahakikisha kwamba wote wawili bado wapo.